Rangi ya Kitenge cha Mektrida

Ukishuka kwenye gari Kiborloni, ukalizunguka soko la mitumba kwa nyuma, utakuta benchi refu la ubao limeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha kutengeneza simu. Hapo ndipo mambo ya nchi hii hukatwa na kushonwa. Basili anakaa mwisho wa benchi na birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa. Wateja wake karibu wote wamezaliwa migombani na wamelipiwa ada kwa kahawa, ila kuinywa wamejifunzia hapo hapo, uzeeni. Wapo watatu wasiokosa. Hakimu, jina la ubatizo Eliakim, hajawahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa mesenja wa mahakama ya mwanzo, akastaafu na hekima yote iliyomo kwenye mafaili aliyobeba. Injinia ni Rodney, mwenye kibanda. Satelaiti ni Fabian, ambaye redio haimbanduki sikioni na habari za dunia humfikia kabla hazijatokea. Asubuhi ile walikuwa wanabishana kama bata anaweza kuugua mafua, mara wakamwona Mzee Thadeus anateremka kwenye gari la Kilema, amekumbatia kitu kikubwa kilichoviringishwa blanketi.

— Mangi! Umeiba televisheni ya parokia? akauliza Hakimu.

— Ni monita, akasema Mzee Thadeus.

— Shikamoo mzee, akasema Injinia, akamsogezea nafasi. Ina nini?

— Marahaba. Rangi zake zimekwenda mrama.

Aliketi, akaishikilia ile monita mapajani kama mtu aliyepakata mgonjwa. Ukimtoa kondakta, hakuwa amezungumza na mtu tangu jana. Kule Kilema nyumba yake ni kubwa, watoto wamemjengea, vyumba vinne vyenye vitanda vilivyotandikwa vinavyosubiri Desemba. Nje, katikati ya migomba, kuna kaburi la mkewe, Mektrida. Mzee anaishi hapo katikati, baina ya vitanda vitupu na kaburi, na kusema kweli kijiwe cha Kiborloni ndicho kinachomfanya asisahau sauti yake mwenyewe.

Mwezi ujao Mektrida anatimiza mwaka tangu afariki. Kuna misa, na siku hizi misa ya mwaka bila sare watu wanakuona hukumpenda marehemu. Watoto wakakubaliana kwamba sare iwe ya rangi ya kile kitenge alichovaa mama kwenye picha ya sebuleni, ile anayocheka. Hapo moto ukawaka. Loveness, binti mkubwa, akasema kitenge kilikuwa kijani. Antoni akasema bluu, tena anaapa. Mama yao mdogo, Epifania, akajitosa kwamba wote vipofu, dada yake alivaa zambarau. Mwisho Loveness akakata shauri: baba ndiye aliyeishi naye, baba ndiye aseme. Leo leo, kwa sababu anakwenda dukani Kariakoo na ndugu wengine wanataka kuwahi mafundi.

Mzee akajibu kwamba monita anayoitazamia picha hiyo ina matatizo, ikitengemaa atasema. Na kweli ilikuwa na matatizo. Alimshukuru Mungu kwamba ilikuwa na matatizo.

Mzee alipowasimulia ubishi wa watoto, Injinia akavuta waya wa ekstensheni hadi nje, akaisimamisha monita juu ya kreti la soda, akachomeka kompyuta ndogo ya mzee aliyoitoa kwenye mfuko. Picha ikatokea. Mektrida akacheka mbele ya watu, uso kijani kama mchicha, meno kijani, na kitenge kijani kilichokolea kupita vyote.

— Yesu na Maria! akasema Basili. Akajiziba mdomo. Samahani mzee. Pole sana.

— Ndiyo maana nimeileta.

Hakimu akainama, akaitazama kwa jicho moja.

— Hii ina mtoto wa jicho. Nilikuwa na ng'ombe wa namna hiyo.

— Ng'ombe alikwambia anaona kijani? akauliza Satelaiti.

— Alikuwa anatafuna nguo kwenye kamba akidhani majani. Wewe ungesemaje?

— Tulieni jamani, akasema Injinia. Tunaanza na vitufe. Mwanga huu hapa. Ukolezo huu hapa. Haya, nairudisha kama ilivyotoka kiwandani.

Akabonyeza. Monita ikazimika, ikawaka, Mektrida akarudi na ukijani wake.

— Kiwandani kwenyewe ndiko ilikotoka mgonjwa, akasema Hakimu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Hamjui kitu, akasema Satelaiti, akapunguza redio, dalili kwamba sasa linakuja jambo zito. Hilo ni suala la umeme. Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa, si ndiyo? Kwa hiyo una maji. Kipindi cha mvua unakuja na maji mengi, unaingia kwenye kioo, kioo kinaota kuvu. Kuvu ni rangi gani?

— Aisee, akasema Basili, kidogo aamini.

— Haba na haba hujaza kibaba, akaongeza Hakimu.

— Inahusiana vipi? akauliza Basili.

— Maji hayaingii kwa mkupuo.

Injinia hakuwasikiliza. Alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akapekua, akasimama ghafla.

— Mzee, nani aliwasha hiki kitu? Kinaitwa mwanga wa usiku. Kinapunguza bluu ili macho yasichoke.

— Antoni, Krismasi ile. Alisema nakaa sana mbele ya kioo.

— Kwani huwa unaangalia nini?

Mzee Thadeus akanywa kahawa. Ilikuwa picha ile ile. Kila jioni huifungua, akaiacha ikiwaka mezani wakati anakula, ili isionekane kwamba mezani yuko mtu mmoja. Ukila mtori peke yako mbele ya ukuta, kijiko kinapiga kelele mno. Mambo kama hayo huwezi kuyasema kijiweni, watayafanya wimbo hadi Pasaka.

Injinia akauzima ule mwanga wa usiku. Kijani ikasogea pembeni kidogo, picha yote ikaelekea bluu.

— Bluu! akaruka Satelaiti. Antoni kashinda! Mpigie binti, mzee, kesi imekwisha.

Mzee akajaribu neno lile moyoni. Bluu. Mektrida anatoka jikoni na kitenge cha bluu. Hakuja. Akajaribu kijani, Mektrida anarudi shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe, kitenge cha kijani. Hakuja pia. Aliuona mzigo, aliiona shingo, akasikia hata pumzi zake, ila kuanzia mabegani kushuka chini palikuwa na kiza tu. Jasho likamtoka, na jua bado halijakuwa kali.

— Bado, akasema Injinia, kwa bahati ya mzee. Uso wenyewe si bado bluu? Tunahitaji kitu ambacho rangi yake haina ubishi. Tukiweke, tuone monita inasema kweli au inatudanganya.

— Mlima, akasema Hakimu papo hapo. Theluji ni nyeupe hata mbinguni.

Hapo hata Satelaiti alikubali. Injinia akatafuta picha ya Kibo kwenye simu yake, akaihamishia kwenye kompyuta. Theluji ikatokea na rangi ya sabuni ya mche. Wote kwa pamoja wakageuza shingo kuutazama mlima wenyewe, walinganishe. Mlima haukuwepo. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba, huko juu hakuna kitu.

— Shahidi amegoma kufika mahakamani, akasema Hakimu. Kesi inaahirishwa.

— Umeona? akasema Satelaiti. Rangi zinafichwa. Nilisikia, sisemi wapi, kwamba kuna vyombo huko juu vinavyonyonya rangi za nchi zenye jua. Angalia picha za Ulaya zinavyong'aa. Rangi zile wamezitoa wapi? Kwao kuna jua?

— Sasa wanyonye kitenge cha mama Loveness? akauliza Basili.

— Wananyonya chochote. Hawachagui.

Injinia alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya monita. Akafungua zile skurubu mbili za waya wa picha, akauchomoa, akakiangalia kichwa chake kwenye mwanga.

— Hee! Njooni muone. Pini imelala.

Wakasogea. Kichwa cha waya kilikuwa na vijisindano vingi, na kimoja kimepinda kabisa kama mtu aliyechoka.

— Kila rangi ina njia yake, akasema Injinia. Hii ni njia ya nyekundu. Mzee, nani aliuchomeka?

— Mimi mwenyewe. Uligoma, nikausukuma.

— Basi nyekundu ilibaki nje ya mlango. Nipatieni sindano.

Sindano hakuna. Basili akavuka hadi kwenye meza ya kwanza ya mitumba, akarudi na sindano ya kushonea, na nyuma yake akaja mwenyewe, mama mmoja mnene mwenye kilemba, anaitwa Salvina. Hakuwahi kukaa kijiweni pale, ila sindano yake ilikuwa ndiyo moja tu na hakuwa tayari kuipoteza machoni.

— Shikamooni, akasema, akaketi ukingoni mwa benchi na blauzi aliyokuwa anaishona begani.

Injinia akainyanyua ile pini polepole, ulimi nje, hata redio ilizimwa. Akachomeka waya, akakaza skurubu. Theluji ikatokea nyeupe pe.

Kijiwe kililipuka. Hakimu alimkumbatia Basili, Satelaiti akadai ni yeye aliyesema nyekundu tangu mwanzo, na watu wawili waliokuwa wanapita na magunia wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Injinia akafuta jasho.

— Haya mzee, akasema. Tumwite mama.

Akafungua picha. Mektrida akatokea na ngozi yake. Mzee Thadeus akashika ukingo wa benchi. Ilikuwa ile maji ya kunde yenyewe, na wekundu mdogo mashavuni uliomtoka kila alipocheka. Tangu Krismasi amekula na mwanamke wa kijani, akazoea. Sasa alikuwa amerudi.

— Umependeza, mama Loveness, akasema kwa sauti ya chini, na kama kuna aliyesikia, alijifanya hakusikia.

Lakini kitenge. Satelaiti ndiye aliyekiona wa kwanza.

— Hiyo sasa ni rangi gani?

— Kahawia, akasema Hakimu.

— Kahawia wapi, hiyo kijivu.

— Mimi naona chai ya maziwa iliyolala, akasema Basili.

Injinia akasogeza uso karibu, akarudi nyuma, akabonyeza hiki na kile. Akaacha.

— Mzee, picha hii Antoni aliipata wapi?

— Alipiga ile ya ukutani, kwa simu.

— Ukuta unatazamana na nini?

— Dirisha.

— Basi jua limeila. Monita imepona, mzee, sasa haidanganyi. Ila rangi ya kitenge haimo tena kwenye picha.

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Kijiwe hakina mtu huyo.

— Mimi nilijua, akasema Hakimu. Kikulacho ki nguoni mwako. Tatizo lilikuwa kwenye nguo, sisi tunahangaika na waya.

— Au marehemu mwenyewe hataki sare, akasema Satelaiti. Wapo wanaokataa. Anaifuta rangi yake ili msibishane. Kuna mama mmoja Bomang'ombe alifuta picha nzima, ikabaki fremu.

— Alisumbuliwa na nini? akauliza Hakimu.

— Wakwe.

— Kitenge chenyewe si kiletwe, mzee? akauliza Basili. Kitafutwe kabatini.

— Alizikwa nacho, akasema Mzee Thadeus.

Basili akajishughulisha na mkaa. Gari la Himo likapita, vumbi likaja, likatua juu ya monita, Injinia akalifuta kwa kiganja.

— Samahanini wazee, akasema Salvina. Mimi nasubiri sindano yangu tu. Mzee, huyu mama ni mkeo?

— Ndiye.

— Na ulimwona amekivaa hicho kitenge?

— Mara nyingi. Kilikuwa cha kanisani.

— Sasa hizi waya zote za nini, baba? Si useme tu kilikuwa rangi gani?

Hakuwa na ubaya wowote yule mama. Aliuliza kama unavyomwuliza mtu saa. Wote wakamgeukia Mzee Thadeus, na mzee akatazama kikombe chake.

Angeulizwa kitu kingine, angejibu. Alijua kwamba kicheko cha Mektrida kilianzia mabegani kabla hakijafika mdomoni. Alijua kovu la panga kwenye kidole gumba, alijua alivyokuwa akiionja chumvi na kuguna, alijua anavyokohoa mara mbili kabla ya kuanza rozari. Na siku ya kuaga, watu walipompeleka hadi kwenye jeneza wamemshika mikono, alisimama pale mpaka padre akamgusa bega, na bado hakutaka kutoka.

— Niliangalia uso, akasema.

Mzee akakizungusha kikombe mkononi.

— Siku zote nilikuwa naangalia uso. Hata siku ile ya mwisho. Nguo sikuitazama, mama.

Hakimu akakohoa. Alimpenda mzee, tena sana, na hakuvumilia kumwona amesimamishwa kizimbani.

— Jamani, mwanamume haangalii nguo. Ndivyo tulivyoumbwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Sawa mzee wangu, akasema Salvina. Wewe mkeo leo kavaa nini?

— Nani?

— Mkeo. Si umeagana naye asubuhi?

Hakimu akatazama juu, kule ambako mlima ungekuwepo.

— Khanga, akasema.

— Ya rangi gani?

— Ya... ya kawaida.

— Wangu kavaa nyekundu! akasema Satelaiti kwa ushindi.

— Nyekundu ni blauzi ya Yuditha wa ndizi, akasema Basili. Umetoka kuzungumza naye sasa hivi.

Satelaiti akawasha redio, akaizima. Injinia alikuwa amejiinamia, anaisokota ile sindano vidoleni, anahesabu kitu kichwani na hesabu haiji. Salvina aliichukua sindano yake mkononi mwake taratibu.

— Pole, mzee, akamwambia Thadeus. Alisimama kidogo, kama aliyetaka kuongeza neno, kisha akarudi kwenye meza yake.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Hakimu. Alikumbuka kwamba mbuzi hajapewa majani. Akaondoka kwa haraka ambayo hajawahi kuionyesha kwa mbuzi yeyote. Satelaiti akasema betri zimemwishia, anazo nyumbani. Injinia akateremsha mlango wa kibanda nusu.

— Mzee, monita iache iwake tu. Nafika nyumbani mara moja, nakuja.

Basili akainamisha birika, likatoa matone mawili ya masimbi.

— Kahawa imekwisha, akasema. Acha nikachote maji.

Bomba la maji lipo hapo hapo sokoni. Yeye akashika njia ya kwake Njoro, anatembea upesi.

Mzee Thadeus akabaki kwenye benchi. Naye angependa kuinuka, aende nyumbani akatazame. Mbele yake, juu ya kreti la soda, Mektrida alikuwa anacheka na uso wake kamili na kitenge chake kisicho na rangi. Mzee akavuta blanketi akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Simu ikalia.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu.

— Monita imepona?

— Imepona. Mama yako anaonekana vizuri kabisa.

— Afadhali! Haya baba, niko dukani, hapa kelele tupu, mwenye duka ananisubiri. Rangi gani?

— Sijui, mama.

— Kitenge hakionekani?

— Kinaonekana. Mimi ndiye sijui.

Mzee alisikia honi za Kariakoo, na mtu anaita wateja, na binti yake anavuta pumzi.

— Baba, usilie.

— Silii, akasema, na machozi yanaingia kwenye ndevu.

— Basi baba. Tutachukua yoyote. Antoni nitamwambia mimi.

— Chukueni yoyote. Mje tu. Loveness.

— Abee baba.

— Hapo ulipo umevaa nini?

— Mimi?

— Wewe.

— Gauni tu, baba. Gauni la kawaida.

— La rangi gani?

— Njano. Lina vidoti vyeupe. Kwani kuna nini?

— La njano, akasema Mzee Thadeus. Akafumba macho, akaikandamiza simu sikioni. Njano, lina vidoti vyeupe. Na mikono yake, mwanangu? Mirefu au mifupi?